Mkono wa Kumlisha Mzee Hezekiah

Sitaficha. Mzee Hezekiah Wanzala alikaa miezi minne bila kula mchana inavyopasa, na mimi ni mmoja wa waliomkalisha na njaa. Hatukumfanyia kwa ubaya. Mtu mbaya angechoka mapema akaenda zake, lakini sisi tulikuwa tunasaidia, na ndiyo maana tulidumu.

Naitwa Oliver Khaemba. Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, Kakamega mjini, na kila Jumamosi saa nane mchana nakifunga niende kwenye chama chetu cha roboti. Ukitaka kucheka cheka, mke wangu alishacheka akamaliza. Sisi ni watu wazima kumi na mmoja, kila mtu na kazi yake, na tunakutana katika ukumbi wa kanisa kutengeneza vigari vinavyofuata mstari sakafuni na mikono ya bati inayookota vifuniko vya soda. Mwenyekiti ni mwalimu Jescah, aliyefundisha fizikia miaka thelathini kabla ya kustaafu, na anaendesha kikao cha roboti vile kamati ya mazishi inavyoendeshwa: maombi, ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita, mtu wa kupendekeza, mtu wa kuunga mkono. Mimi ni katibu. Kuna Kiplagat, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, ambaye anajua mambo mengi na hawezi kuyanyamazia. Na kuna Edah.

Edah ni fundi wa maabara katika shule moja ya kutwa. Miaka kumi na sita amepima asidi na kuosha vyombo vya kioo kwa ajili ya wanafunzi wa walimu wengine, na kengele ya mwisho ikilia ndiye anayebaki kuangalia kama chupa zote zimerudi kabatini. Haongei sana. Akiona kitu kimeharibika, mikono inakwenda yenyewe. Feni ya maabara yao imezunguka miaka mitatu kwa mota ya waipa ya gari aliyoipata kwa fundi wa magari. Alipojiunga na chama sisi tulikuwa bado tunabishana chama kiitweje, naye akaketi pembeni akatengeneza mashine ya kutikisa chupa, akaijaribu, ikafanya kazi, akaenda nyumbani. Jina la chama mpaka leo hatujakubaliana.

Mume wake ni Cornelius, fundi wa karakana katika kiwanda cha sukari. Huondoka nyumbani, mtaa wa Amalemba, saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni. Wamepanga nyumba ya vyumba viwili yenye chumba kimoja cha nje, ng'ambo ya uwanja mdogo wa kuanika nguo, na hicho cha nje ndicho walichompa mzee Hezekiah, baba yake Cornelius. Mzee alikuwa mkulima wa miwa upande wa Butere. Mke wake alifariki zamani. Septemba mwaka jana kiharusi kilimwangusha shambani, mkono wa kulia ukafa, na wa kushoto ulikuwa tayari na ugonjwa wa kutetemeka. Wakamleta mjini awe karibu na kliniki.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo utatuona wendawazimu kuliko tulivyo. Kwetu baba halali chini ya paa la mwanawe, ndiyo sababu ya chumba cha nje. Na mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Haingii anamolala, hali naye meza moja, hasimami kumtazama akila. Hakuna chuki hapo. Edah alikuwa akimpikia mzee vizuri kuliko anavyojipikia mwenyewe, na mzee alikuwa akimsifu kwa kila mtu isipokuwa yeye. Heshima yao ilikuwa na umbali wake, na wote wawili waliutunza.

Kwa hiyo asubuhi na jioni Cornelius alimlisha baba yake. Mchana alimlisha Mitchel, binti wa Edah, maana mjukuu na babu hawana mipaka. Mtoto alikuwa akimfuta mzee ndevu huku akimtania kwamba anakula kama ndama. Januari Mitchel akaenda Gredi ya Kumi, shule ya bweni, na mchana ukabaki hauna mtu. Waliajiri mtu, akawa anaangalia simu mpaka uji unaganda. Wakaajiri wa pili, mzee akasema mtu huyo ndiye anayeila nyama. Wa tatu mzee hakumfungulia mdomo kabisa, akasema hataki kuchokonolewa meno na mgeni.

Basi Edah akawa anakimbia nyumbani saa saba, mapumziko ya dakika arobaini. Anapakua chakula, anavuka uwanja, anakohoa mlangoni ili mzee ajue, anaweka sinia kwenye kigoda pale kizingitini, anarudi jikoni. Mzee anakivuta kigoda kwa fimbo yake. Halafu Edah anasimama jikoni na kusikia kijiko kikianguka. Kinaokotwa, kinaanguka tena. Siku nyingine kinaanguka mara moja tu na kunakuwa kimya, na akirudi kuchukua sinia anakuta mzee amefunika sahani kwa kitambaa, chakula kiko vile vile, shati limechafuka kifuani. Dawa ya mchana ilitakiwa inywewe baada ya chakula. Aliinywa tumbo tupu akatapika, kisha akaacha kuinywa. Kufikia mwisho wa Januari Cornelius alikuwa ametoboa mshipi wa baba yake tundu jipya kwa msumari. Mzee alikuwa na njaa, lakini aibu ilikuwa mbele ya njaa.

Hapo ndipo Edah alipofikiria mkono wa roboti. Nilipousikia mpango wake nilimwonea wivu, nakiri. Bakuli limefungwa kwenye ubao lisisogee. Mkono unachota kwa kijiko, unainuka polepole, unasimama kimo cha mdomo, mzee anainamisha kichwa kidogo na kula. Akiwa tayari kwa kijiko kingine anagonga fimbo sakafuni. Edah yuko jikoni na simu yake, akisikia fimbo anabonyeza, mkono unachota tena. Yeye hamgusi, hamwoni, haingii. Alitengeneza mkono wenyewe kwa wiki mbili kwa vyuma vya antena ya zamani ya televisheni na mota ndogo alizoagiza Nairobi, na ulikuwa mzuri, na kijiko kilikaa sawa bila kumwaga.

Kilichobaki ni programu. Laptopu yake ilikuwa ya shule, ya Windows, na hakuruhusiwa kuibadilisha. Simu ni simu ya kawaida. Na kwenye mkono kulikuwa na bodi ndogo ya saketi inayoendesha mota. Vitu vitatu, kila kimoja na lugha yake. Watu wa programu wana dawa ya hilo, wanatumia kiunzi, yaani programu ya msingi iliyoandikwa na wengine, ambayo unajengea zako juu yake badala ya kuanza na mchanga. Viunzi viko vingi. Vingine vinakubali mashine moja tu, vingine vinajigamba kwamba vinakubali zote. Edah alitaka kimoja kinachokubali zote tatu. Jumamosi ya kwanza ya Februari alisimama kwenye kikao, akaeleza habari ya mzee kwa sentensi tatu, akauliza, "Nichague kipi?"

Lilikuwa swali la dakika tano. Angeniuliza kibandani peke yangu ningemjibu kabla ya kufungua simu ya mteja. Lakini aliuliza kwenye chama, na chama kina utaratibu.

Kiplagat alisimama wa kwanza. Yeye alipendekeza kile kikubwa, kinachotumiwa na vyuo vikuu na viwanda, na akaeleza kwa nusu saa jinsi kinavyofanya kazi huko ng'ambo. Mimi nikapendekeza chepesi, kinachofunguka ndani ya kivinjari chochote, kwenye laptopu au simu. Mwenyekiti Jescah, bila kusimama, akasema kuna kile cha watoto cha kupanga matofali ya rangi, na kwamba yeye hakioni ubaya. Ikaundwa kamati ndogo ya kuchunguza. Kamati ilikuwa mimi na Kiplagat, na mtu yeyote anayetujua angeona hapo hapo kwamba mzee Hezekiah ameshakosa chakula cha mchana.

Tulianza na kikubwa kwa sababu Kiplagat alipata mtu wa kumuunga mkono na mimi nikachelewa. Kikubwa kilitaka mfumo wa Linux badala ya Windows, na si Linux yoyote, kilitaka toleo moja maalumu. Laptopu ya shule haikuguswa, kwa hiyo Edah aliazima nyingine kwa Kiplagat, kuukuu, yenye feni iliyolia mpaka jirani akauliza kama wanasaga mahindi. Kupakua tu kulimaliza bando la wiki. Alipomaliza kusakinisha, maelezo yote aliyoyapata mtandaoni yalikuwa ya toleo la zamani, amri zote zimebadilishwa majina. Akaniambia anaamka asubuhi anasoma ujumbe wa makosa mwekundu kabla ya kusoma Biblia. Kiplagat alisema huo ndio utaratibu wa kujifunza. Februari ikaisha. Na simu haikuwahi kuzungumza na mkono hata neno moja.

Machi ikawa zamu yangu, na ninaisimulia kwa sababu itanichoma nisiposema. Chepesi kilifunguka kila mahali, nilikuwa nimesema kweli. Lakini bodi ya Edah ilikuwa nakala ya bei nafuu, na kiunzi changu hakikuitambua. Nilijua kuna uwezekano huo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kumshinda Kiplagat. Tulipoizunguka shida hiyo, baada ya wiki mbili, ikaja nyingine, kwamba skrini ya simu ikizimika mkono unaganda hewani na kijiko kimejaa. Jumapili moja Cornelius alijitolea kukaa badala ya baba yake. Kijiko kilisimama mbele ya kidevu chake, tukangoja, simu ikaamka, kijiko kikaruka na kumgonga jino. Cornelius ni mpole. Aliinuka, akaufuta uji puani, akaenda kumlisha baba yake kwa mkono.

Cha watoto kilikuwa na aibu yake pia, ingawa tulikidharau bure. Kilikubali laptopu, simu na bodi siku ile ile ya kwanza, saa moja tu. Shida ni kwamba kilijua kasi mbili, kusimama na kuchapa kofi. Uji ulifika ukutani. Mwenyekiti akasema labda mzee akae mbali kidogo.

Kila Jumamosi Edah alikuja na daftari lake na kuondoka nalo likiwa na maswali zaidi. Jumamosi ya kwanza ya Aprili, tukiwa katika ajenda ya tatu, Kiplagat na mimi tumeshapandishiana sauti, alisimama bila kuomba nafasi.

"Mwenyekiti," alisema, "mzee hakulangi mchana. Amebaki mifupa."

Mwalimu Jescah akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema hilo ni jambo zito, akanigeukia mimi. Na mimi nikaliandika. Liko kwenye kitabu cha kumbukumbu kwa mwandiko wangu, kwamba kikao kilielezwa mzee hali mchana, kikasikitika. Baada ya hapo tukaendelea na ajenda ya tatu.

Siku hiyo ndiyo tuliyofanya upuuzi mkubwa kuliko wote, na tuliufanya kwa moyo mzuri. Ili asinune mtu, ikapendekezwa na kuungwa mkono kwamba vyote vitumike. Mkono uendeshwe na kikubwa cha Kiplagat, simu itumie chepesi changu, na katikati pawe na programu ya kutafsiri, nusu nitaandika mimi, nusu Kiplagat. Tulipiga makofi. Mwalimu Jescah alisema huo ndio umoja. Edah hakupiga makofi, alikuwa anachora kwenye daftari njia ambayo amri moja ingepita kutoka kidole chake hadi kwenye kijiko, na nilipochungulia niliona vituo vitano.

Unajua ibada yenye mkalimani asiye na haraka, mhubiri ameshasema amina na mkalimani bado yuko kwenye dhambi? Ndivyo mkono ulivyokuwa. Edah anabonyeza, anahesabu moja mpaka nne, kijiko kinaanza kufikiria kuinuka. Akibonyeza mara ya pili kwa kukata tamaa, amri zote mbili zinafika pamoja na kijiko kinachota hewa. Tulirekebisha. Simu ikajisasisha yenyewe ikakataa ruhusa tulizokuwa tumeipa. Tukarekebisha tena. Kiplagat alisema kosa liko upande wangu, na mimi nikamtumia picha za skrini kuthibitisha liko upande wake, na tulitumiana picha hizo wiki nzima. Ningekuwa mzee Hezekiah ningetupiga sote kwa ile fimbo.

Katikati ya Mei ukafanya kazi. Sijui kwa nini, na Kiplagat hajui, ingawa atakwambia anajua. Jumamosi moja Edah alinipigia simu asubuhi akasema mkono umechota mara thelathini mfululizo bila kosa, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko kawaida. Cornelius alikuwa kazini. Alihitaji mwanamume wa kuuingiza mkono chumbani na kukaa na mzee, na mimi nilikuwa nadaiwa zaidi ya hapo, nikafunga kibanda mapema.

Edah alikuwa amepika mushenye, viazi vitamu na maharagwe vilivyopondwa pamoja, laini, chakula anachokipenda mzee. Niliubeba mkono kuvuka uwanja, nikabisha, nikasalimia, nikaupanga juu ya meza ndogo mbele yake. Sikuwa nimemwona tangu Desemba. Alikuwa mtu wa mabega. Sasa shati lilining'inia kama liko kwenye hanga. Alinipokea vizuri, akauliza habari za mke wangu na kazi, akautazama mkono kwa hamu ya mtu aliyewahi kufungua injini ya trekta. Nikamwelekeza agonge.

Akagonga. Mkono ukachota, ukainuka, ukasimama. Polepole, bila kutetemeka, kimo kile kile. Mzee akainamisha kichwa akala. Akatafuna bila haraka, akameza, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono wake. Kisha hakugonga tena.

"Fundi," aliniambia, "hii mkono nani anasukuma?"

Nikaanza kumweleza habari za mota na umeme. Akaningoja nimalize.

"Hiyo naona. Nauliza nani anaiambia sasa chota."

Ningeweza kudanganya. Nimewadanganya wateja kwa mambo makubwa kuliko hayo. Lakini alikuwa ananitazama, na nikasema, "Ni mama Mitchel, baba. Ako jikoni na simu. Akisikia fimbo, anabonyeza."

Mzee akaegemea nyuma. "Basi ni yeye ananilisha."

Nikamwambia hapana, yuko mbali, kuna kuta mbili na uwanja katikati, hata hamwoni. Nilijieleza sana. Nilitaja mpaka mawimbi.

"Mtu akinitukana kwa simu," mzee akasema, "ni simu imenitukana?"

Akakisukuma kijiko pembeni kwa upole, kwa kile kidole chake kinachotetemeka, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuamsha watu. Akasema Edah ni mtoto mzuri, nimwambie hajakasirika, ila hatalishwa na mke wa Cornelius, si kwa kijiko wala kwa mawimbi. Halafu akaitazama fimbo yake, akautazama mkono.

"Mimi nagonga ndiyo yeye asikie," akasema. "Si hiyo mashine isikie yenyewe? Ama haina masikio?"

Nilitoka nje nikiwa nimemkasirikia mzee yule mpaka masikio yanawaka. Miezi minne. Nilivuka uwanja nikitunga maneno ya kumlaumu, ukaidi wake, mambo ya kale, na nilipofika jikoni Edah alikuwa amesimama na simu mkononi, kidole juu ya kitufe. Alikuwa amesikia pigo moja la fimbo, kisha kimya. Akauliza kama mkono umekwama. Nikamwambia yote, na nikaongeza kwamba mzee ni mkaidi.

Akaiweka simu juu ya meza ikiwa imeelekea chini. Akakaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa.

"Ako sawa," alisema. "Mimi nilijua. Kila nikibonyeza hii kitu nilikuwa naona haya, na nikajiambia ni uoga wa mashine." Akaitazama simu pale mezani. "Tumeulizana sisi kwa sisi tangu Februari. Yeye hakuna mtu alimuuliza."

Halafu akalia, kwa hasira, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na Cornelius harudi mpaka saa moja. Nami nilikaa pale nikijua kwamba kama simu isingekuwepo kwenye mpango tangu mwanzo, kiunzi kisingehitajika. Tulikuwa tumetafuta miezi minne njia ya kufikisha kidole chake mahali ambapo hakikupaswa kufika. Na katika watu kumi na mmoja wa chama, tisa tumezaliwa huku huku, na sote tunajua mke wa mwana anasimama wapi.

Jumatatu, kati ya kipindi cha pili na cha tatu, Edah alifungua kengele mbovu ya umeme iliyokuwa kwenye kabati la fizikia, akatoa kitufe chake, akakipigilia kwenye ubao wa kuweka sakafuni, akakifunga kwa waya moja kwa moja kwenye ile bodi ndogo. Programu aliiandika kwa laptopu ya shule, akaiingiza ndani ya bodi yenyewe, bila laptopu ya Kiplagat, bila kivinjari changu, bila mkalimani. Ni mistari arobaini na mitatu. Mitano kati ya hiyo inaiambia mashine kwamba mkono wa mzee unatetemeka, kwa hiyo mapigo mawili yakifuatana haraka yahesabiwe kuwa moja. Nilimuuliza ilimchukua muda gani. Akasema hakuchelewa hata kwa somo la tatu.

Hakukiambia chama. Alinitumia ujumbe mimi peke yangu, niende Jumanne saa saba.

Nikaenda. Niliupanga mkono mezani, ubao nikauweka karibu na mguu wa mzee. Akaniuliza, "Sasa nani anaiambia?" Nikamwambia, "Ni wewe, baba." Akaangalia waya kutoka ubao mpaka mezani, kote, kuona kama hakuna mwingine unaotoka nje ya mlango. Ndipo akagonga. Kijiko kikaja. Akala. Akagonga, akala. Kijiko cha nne aliacha kunitazama, cha sita nikaona amesahau niko chumbani, na hapo nikatoka, maana mtu mwenye njaa ya miezi minne hapaswi kutazamwa.

Edah alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mikono imekumbatia kifua. Alikuwa akisikia fimbo.

"Anakula?"

"Anakula."

Akauliza kama kijiko kinamwagika. Nikasema hapana. Akauliza kama kinamfikia vizuri au anajikunja, kama anakingojea au kinamharakisha, kama shati ni safi. Nikajibu kimoja kimoja, lakini niliona majibu hayamtoshi. Yeye ndiye aliyekata kila kipande cha ule mkono, na hajawahi kuuona ukimlisha mtu isipokuwa Cornelius na jino lake. Nikatoa simu, nikamwambia nirudi kidogo nichukue video, dakika moja tu, mzee hatajua.

Alinitazama kama mtu ambaye hajanielewa, halafu akatikisa kichwa.

"Nikimwangalia akila kwa simu," alisema, "si nimemwangalia?"

Nikairudisha simu mfukoni. Ng'ambo ya uwanja fimbo ikagonga tena. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikainua mkono wangu mwenyewe, pale jikoni, nikaufanya kama ule wa mashine: nikachota, nikainua polepole, nikausimamisha kimo cha mdomo, nikainamisha kichwa nikala. Edah alifuata kila hatua kwa macho, midomo imefunguka kidogo. Nilipomaliza akaniomba nirudie, polepole zaidi, pale kijiko kinapofika mdomoni.

Nikarudia.